Ukitaka Mbwa wa Ulinzi, Mtazame Mama Yake Kwanza

Najua wako wasomaji wangu ambao wakiiona anwani ya makala haya watatikisa vichwa na kusema, "Leo huyu mwenzetu amepatwa na nini? Ameacha tenzi na maulidi, anatuletea habari za mbwa!" Nawaomba radhi, na nawaomba tena msilikunje gazeti mpaka mmefika mwisho. Haya niyaandikayo si mapenzi ya kulala na mbwa kitanda kimoja. Ni jambo lililonifika mimi mwenyewe, likamgusa na mjukuu wangu, na laiti ningalilijua mapema nisingalikesha mausiku niliyokesha.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Chuoni nilitiwa nikiwa na umri wa miaka mitano, na miongoni mwa masomo ya mwanzo tuliyosomeshwa ni mlango wa tohara. Tulifundishwa kwamba najisi ziko aina tatu, na iliyo nzito katika hizo ni ya mbwa na nguruwe. Na kwamba chombo alichotia mbwa ulimi huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba iwe kwa mchanga. Somo hilo tulilishika barabara, ila tuliliongeza letu. Tukimwona mbwa koko amepotea njia akaingia mitaani, tulimwandama kwa mawe mpaka tusimwone tena. Maalim wetu hakutufundisha mawe. Mawe tulijifundisha wenyewe.

Nikakua na hofu hiyo, nikaota mvi nayo. Sikupata kudhani hata siku moja kwamba mimi huyu nitatoka nyumbani kwangu kwenda kutafuta mbwa.

Sababu yake ni hii. Tunacho kishamba cha urithi upande wa Takaungu, cha minazi na mikorosho, na mbuzi wachache tunaowafuga kwa ajili ya akika na sikukuu. Anayetutunzia ni mzee mmoja wa Kigiriama aliyekaa pale tangu siku za marehemu baba. Mwaka juzi mbuzi walianza kupungua usiku. Akaenda mmoja, akafuata wa pili. Wa tatu alipochukuliwa, mzee yule akanipigia simu. "Mzee mwenzangu," akaniambia, "macho yangu hayaoni usiku, na masikio nayo ndiyo hayo. Huku bila mbwa hakulindiki."

Nilikuwa nikijua kwamba sharia imeruhusu mbwa wa kulindia mifugo na shamba, basi katika kumtaka sikuona tabu. Tabu ilikuwa wapi nitampata. Mpwa wangu, kijana hodari wa mambo ya mjini, akaniambia, "Mjomba, hilo niachie mimi. Watoto wa mbwa siku hizi wamejaa tele, hata kwenye simu wanatangazwa."

Kweli hakuchelewa. Baada ya siku mbili alikuja wakati wa Alasiri amebeba boksi la kadibodi lililotobolewa matundu. Alikuwa amempata kwa kijana mmoja anayewapanga kando ya barabara, karibu na kituo cha matatu. Bei ilikuwa ndogo, na maneno yalikuwa mazuri: ati ana miezi miwili, ati amechanjwa chanjo zote, ati babake ni mbwa wa polisi. Nikamuuliza mpwa wangu, "Na kadi ya chanjo?" Akasema kijana yule ameahidi kuileta kesho. Sikuuliza jingine.

Tukamweka uani kwa siku chache tukingoja gari la kwenda Takaungu. Watoto wa nyumbani nao, kama walivyo watoto, mara wanamkimbia, mara wanamrudia. Siku ya tatu mjukuu wangu wa miaka sita akanyoosha mkono kumpa kipande cha mkate, naye akamng'ata kidole. Palikuwa na mkwaruzo na damu kidogo. Mama yake akampaka bizari, tukasema ni kijibwa tu, kina meno ya maziwa. Siku ya tano kijibwa kile kikakataa kula. Kikatapika, kikaharisha damu yenye harufu ambayo sitaisahau. Siku ya sita alfajiri, nilipotoka kwenda msikitini, nilikikuta kimekufa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa mifugo, kwa kuchelewa. Akaniuliza maswali matatu tu. Mama yake yuko wapi? Amechanjwa na nani? Je, amemng'ata mtu? Sikuwa na jibu la lile la kwanza wala la pili, na la tatu nilitamani lisiwe langu. Akasema kwa dalili nilizomweleza, bila shaka ni parvo, maradhi ya matumbo yanayowaua watoto wa mbwa kwa siku chache. "Lakini," akasema, "mbwa aliyemng'ata mtu akafa ndani ya siku kumi, na asili yake haijulikani, hatubahatishi. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi."

Nikamwambia mwenye kumuuza alisema amechanjwa zote. Akatabasamu kwa huzuni. Kumbe chanjo ya kichaa cha mbwa kwa desturi hudungwa mbwa afikapo miezi mitatu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili kinga yake ya kichaa, ikiwa anayo, ni ile aliyoipata kwa mama yake. Kwa hivyo ukimnunua mtoto usiyemjua mama, hukujua kitu. Nami nilikuwa nikidhani kijibwa kidogo hakiwezi kuwa na kichaa. Kinaweza.

Tulikwenda hospitali. Jeraha likaoshwa upya kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, jambo tulilopaswa kulifanya wenyewe ile siku ya kwanza badala ya bizari. Kisha akaanza sindano: siku ile, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Mpwa wangu akazunguka mji mzima kumtafuta yule kijana. Simu yake ilikuwa imezimwa, na pale kando ya barabara palikuwa na mtu mwingine anauza miwani.

Msomaji, mwezi ule ulikuwa mrefu. Kichaa cha mbwa kina hila mbaya: huweza kujificha mwilini majuma kadhaa au miezi, na kikishaonyesha dalili zake kwa binadamu, hakina dawa. Dawa yake ni kukiwahi. Mtoto akiumwa kichwa kwa jua, mimi roho yanitoka. Akikataa maji kwa kudeka, mama yake analia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kwamba katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kabla ya hapo ningalizisoma hesabu hizo kama asomavyo mtu bei ya kahawa huko London. Sasa hesabu hizo zina uso.

Alhamdulillahi, mtoto ni mzima. Sindano ya tano ilipokwisha nikaenda kumzuru sheikh wangu, mzee aliyepita miaka themanini, nikamweleza yote. Nilikwenda nikiwa na hatia, maana majirani wengine walikwisha kusema kwamba hayo ndiyo malipo ya kuingiza mbwa katika nyumba ya Mwislamu. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, kosa lako si kumtaka mbwa. Kosa ni kuingiza nyumbani kitu usichojua kilikotoka. Mume wa binti yako ulimuulizia nasaba mpaka babu wa nne. Huyu atakayelala mlangoni kwenu, hukumuuliza hata mama!"

Kisha akanikumbusha yale niliyoyasoma na kuyasahau. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya nne, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la wanyama wa kuwinda tuliowafunza, na neno lenyewe lililotumiwa kwa wafunzaji hao limetokana na jina la mbwa. Katika Sura ya Al-Kahf yumo mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele penye kizingiti, na kila wanapohesabiwa vijana wale, naye hutajwa. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba afugaye mbwa bila ya haja hupunguziwa thawabu zake kila siku, lakini amewatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa mimea. Na ni yeye huyo huyo aliyetusimulia habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameieleza hata habari ya kumlea mtoto wa mbwa ili aje kuwa wa kuwinda au wa kulinda, na kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba yafaa. Basi watu wasione kwamba wanazuoni wetu walikuwa hawajui mambo ya vilebu. Ndiyo, kilebu. Neno hili wazee wetu walilitumia kwa mtoto wa mbwa, nasi tumeliacha likapotea kwa kuona haya.

Nikamuuliza Sheikh lile lililokuwa likinikera moyoni. Kwetu sisi Mashafii kumuuza mbwa hakusihi, kwani imepokewa hadithi ya kukataza thamani ya mbwa. Basi nitampata vipi? Akaniambia kwamba wenzetu Mahanafi wameruhusu auzwe mbwa mwenye manufaa. Ama kwa upande wetu, wanazuoni wa baadaye wamezungumza juu ya mtu kuondoa mkono wake juu ya kitu alichokuwa na haki nacho, naye akapewa kitu kwa kuuondoa mkono huo. Hiyo si bei ya mbwa. "Utakapofika huko," akasema, "liseme hilo kwa ulimi wako. Na ukipewa zawadi, ni bora zaidi." Mimi si mufti, nayaeleza kama nilivyoyasikia, mwenye shaka amwendee sheikh wake.

Alipokuwa akinisindikiza mlangoni alinikumbusha jambo jingine. Waarabu wa jangwani wana mbwa wao wa kuwinda aitwaye saluki, mwembamba, mwenye mbio kama upepo, na mpaka leo anafugwa katika nchi za Ghuba. Inasimuliwa kwamba wao hawakuwa wakimuuza. Walikuwa wakitunukiana, na nasaba ya mbwa huyo wakiihifadhi kama ya farasi. Al-Jahiz wa Basra katika kitabu chake cha wanyama ameandika mjadala mrefu baina ya mwenye mbwa na mwenye jogoo, na Ibn al-Marzuban wa Baghdad, katika karne ya kumi ya Miladi, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Nikacheka. Sheikh naye akacheka, akasema, "Huyo kijana wako wa kando ya barabara angekuwa katika kitabu hicho."

Safari hii sikwenda barabarani. Nilirudi kwa daktari wa mifugo, nikamuuliza, katika watu wote wanaokuletea mbwa wao, ni nani unayemwamini? Hilo, wasomaji wangu, ni swali la kwanza la kuuliza. Daktari anamjua ambaye mbwa wake huja kuchanjwa kila mwaka, na anamjua ambaye huja tu wanapokuwa wanakufa.

Akanielekeza kwa mama mmoja mstaafu, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Nikaenda na mpwa wangu nikiwa tayari na fedha mfukoni, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe ni mimi niliyekwenda kutahiniwa! Mama yule alitukaribisha kwenye kiti cha barazani, akaniuliza: shamba lina uzio? Nani atakayempa chakula, na mara ngapi kwa siku? Atalala wapi mvua ikinyesha? Kisha akanitazama usoni. "Mzee, usinione mkosefu wa adabu. Najua dini yenu. Je, watoto wenu watampiga mawe?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu nilikumbuka mitaa ile na mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia kweli: zamani tulipiga, na sasa najua kwamba tulikosa, dini imetutaka tujitahirishe, haikututaka tutese. Akaniuliza kama nitamfunga mnyororo mchana kutwa. Nikasema ndivyo nilivyokusudia, si ndivyo afugwavyo mbwa wa ulinzi? Akatikisa kichwa. Mbwa afungwaye siku nzima, akasema, hupata wazimu wa hasira na akifunguka hachagui mwizi na mtoto. Siku ile hakunipa mbwa. Kwanza, alisema, watoto wana majuma matano tu na hawatoki kwa mama yao kabla ya majuma manane. Pili, nikajenge banda lenye kivuli na ua wa kukimbilia, ndipo nirudi.

Mpwa wangu alikasirika njia nzima. "Mjomba, tunatoa pesa zetu na tunafukuzwa!" Lakini mimi nilikuwa nimepata moyo. Yule wa kwanza hakuniuliza hata jina langu. Huyu amenikatalia kwa sababu kile alicho nacho kina thamani machoni pake. Mwuzaji asiyekuuliza kitu hajali mbwa anakwenda wapi, na asiyejali anakokwenda hakujali alikotoka.

Tuliporudi baada ya majuma manne, banda likiwa tayari, alitupeleka nyuma ya nyumba kumwona mama wa mbwa. Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Jike lile lilikuwa limelala kivulini, limeshiba, manyoya yanang'aa, na lilipotuona lilinyanyuka likabweka mara mbili, kisha likanyamaza kwa neno moja la bibi yake. Halikujificha kwa woga wala halikuturukia. Banda lilikuwa kavu, halinuki. Watoto walikuwa sita, wamezoea sauti za watu, za redio na za kuku, kwa kuwa muda wa kumzoesha mtoto wa mbwa na dunia ni baina ya juma la tatu na kama la kumi na nne. Akikua gizani ndani ya boksi, atakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye ang'ataye.

Mama yule akatoa daftari. Ndani yake mlikuwa na kadi ya chanjo ya jike, ya kichaa kila mwaka, yenye muhuri na sahihi ya daktari. Mlikuwa na tarehe walizopewa watoto dawa ya minyoo tangu juma la pili, kwa sababu minyoo hiyo huwapata kwa mama yao tumboni na katika maziwa. Mlikuwa na chanjo yao ya kwanza ya parvo, nasi tukapewa tarehe za kurudia kila baada ya majuma matatu au manne mpaka wafike miezi minne. Maradhi hayo ni mapya kwa hesabu ya dunia. Yalitambuliwa mwaka 1978 na katika muda mfupi yakaenea pembe zote. Vijidudu vyake hukaa ardhini miezi mingi. Ndiyo maana uani kwangu mjini, pale alipofia wa kwanza, daktari alituamrisha tupaoshe kwa dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe na tusithubutu kupaweka kilebu kingine.

Nikauliza jike lile limezaa mara ngapi. Mara mbili, akajibu, na la kwanza alikuwa amekwisha kutimiza miaka miwili. Mbwa jike huweza kushika mimba kila miezi sita au saba, na mimba yenyewe ni ya miezi miwili tu, basi mwenye tamaa humzalisha bila kupumua mpaka mwili wake unakwisha. Ukimkuta mtu ana watoto wa mbwa wakati wote, wa kila rangi na kila namna, kama duka la viatu, jua kwamba mahali fulani pana majike yasiyopumzika. Na kwa kuwa wake ni wa namna ya Jamani Shepadi, tuliyekuwa tukimwita Alseshani, alituonyesha picha za eksirei za nyonga za baba na mama. Mbwa wa namna hiyo hurithishana ubovu wa nyonga, akapooza miguu ya nyuma kabla ya kuzeeka.

Nikataja ile habari ya fedha, nikasema maneno niliyofundishwa na Sheikh: sinunui mbwa, nakulipa kwa kuondoa mkono wako na kwa gharama ulizotoa. Mama yule akacheka sana. "Mzee, iite upendavyo, lakini chanjo na unga nimevilipa mimi." Akaandika karatasi, akataja kila alichotumia, na chini yake akaandika maneno ambayo sikuyatarajia: kwamba mbwa huyu akinishinda kwa sababu yoyote, wakati wowote, nisimtupe wala nisimpe mtu, nimrudishe kwake.

Sasa, wasomaji wangu, naomba msinielewe kwamba kila mtu atafute mbwa wa Kijerumani. Mbwa wetu wa kienyeji, yule tumwitaye koko kwa dharau, hustahimili joto letu, hula kidogo, na akilelewa vyema hulinda kama mwingine yeyote. Ukimpata kwa jirani unayemwona mama yake kila siku, na jirani huyo akawachanja, umepata. Chama cha kuwahurumia wanyama, KSPCA, nacho hutoa mbwa waliookotwa na kutunzwa. Kwa wale watakao mbwa wa nasaba, chama cha East Africa Kennel Club cha Nairobi huandikisha nasaba hizo. Ila karatasi ya nasaba si karatasi ya afya. Moja yasema baba ni nani, nyingine yasema kama mtoto ni mzima. Zitake zote mbili.

Na jihadharini na picha za kwenye simu. Huyo atakaye umtumie fedha kwanza ndipo akuletee mbwa kituoni, na ukisema waja kumwona mama yake anakuambia yuko safarini, au nyumba ina ugonjwa, au atakutana nawe njiani, mwache. Wengine hata mbwa hawana. Wana picha tu.

Kilebu chetu leo ni mbwa mzima, yuko Takaungu. Ana banda lake nje, bakuli lake mbali na vyombo vyetu, na pembeni pana ndoo ya maji na mchanga safi kwa mwenye kuguswa. Haingii nyumbani, wala hana haja ya kuingia. Yule mzee wa Kigiriama ndiye amlishaye, na husema kwamba sasa analala usingizi wa zamani. Mbuzi hawajapungua tena isipokuwa wale tuliowachinja wenyewe. Kila mwaka anachanjwa, na siku daktari anapokuja, mzee yule huwaita majirani walete na wao. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukimaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na mpango huo hauwezi kutimia kwa karatasi za Nairobi. Utatimia kwa kamba za mbwa zilizopangwa foleni chini ya mwembe, kama zile nilizoziona kwetu.

Mjukuu wangu alikwenda nami likizo iliyopita. Alisimama mbali, mkono mmoja ameushika ule wenye alama ndogo kidoleni. Kisha akaniuliza, "Babu, huyu mama yake tunamjua?" Nikamwambia tunamjua. Akasogea hatua mbili, akaketi juu ya kifuu cha nazi, akamtazama.

Nanyi niwaagieni kwa ubeti mmoja, maana ndio ufundi wangu wa siku zote:

Ukitafuta mlinzi, wa shamba au nyumbani,
Usichukue kwa penzi, wala kwa picha njiani,
Mwone mama na mtunzi, na wanapolala ndani,
Aliyemficha mama, ana jambo la kuficha.